Mabaki ya kanga kwa kilo, Kariakoo: nyekundu, nyeusi na nyeupe tu

Nimenunua mabaki ya vitambaa kwa wauzaji wanne hapa Dar tangu nianze kushona mifarishi ya viraka, na huyu ndiye wa kwanza ninayemrudia. Ni kibanda kidogo kisicho na bango, kwenye vichochoro vya nyuma ya maduka ya kanga na vitenge ya Mtaa wa Uhuru, Kariakoo. Anayeuza ni mama wa makamo. Kila jioni anazunguka kwa mafundi cherehani wanaoshona madera na magauni, anakusanya walichokata kikabaki, kisha anakaa juu ya mkeka anavipanga kwa rangi. Kwa wengine unapewa kiroba kimeshonwa mdomo, unalipa, ukakifungulie kwako.

Safari hii nilikuwa na kazi moja: mfarishi wa kitanda cha tano kwa sita, wa binti yangu anayeolewa na kuhamia Njombe, ambako Juni na Julai blanketi moja halitoshi. Nilitaka rangi za kisutu, kanga yetu ya harusi huku Pwani. Nyekundu, nyeusi na nyeupe, basi. Kijani kiwe kizuri namna gani, hakiingii.

"Dada yangu, mchanganyiko ni elfu nne kwa kilo," aliniambia. "Ukichagua rangi, elfu sita."

Niliona ghali. Kisha nikakumbuka kiroba cha kilo tano nilichouziwa mwaka jana kwingine. Juu vilikuwa vimelazwa vitenge vinavyong'aa, katikati polista na bitana za satini, na chini kabisa vitambaa vilivyolowa na kuota ukungu. Nilichoweza kushona hakikufika kilo moja. Nikaketi kwenye mkeka wa huyu mama, nikachagua kwa muda wa saa nzima, nikatoka na kilo mbili kwa shilingi elfu kumi na mbili. Mizani anaiweka mbele yako, na mfuko hafungi mpaka useme umeridhika.

Kwa ambaye hajawahi kufungua mabaki ya fundi: usitegemee vipande vya mraba. Fundi anakata makwapa, anakata shingo, anakata mshazari wa dera, na kinachobaki ni miezi mwandamo, pembe tatu na mikanda. Vya mshazari ndivyo vya kuangalia zaidi, kwa sababu kitambaa kilichokatwa mshazari kinavutika. Ukikishona bila kukinyoosha kwa pasi na kukikata upya kwa kufuata uzi, mfarishi mzima unapinda. Mimi nina kipande cha boksi gumu cha sentimita 12 kwa 12. Nakilaza juu ya kitambaa, nafuata uzi, nakata. Mshono ukishakula milimita saba na nusu kila upande, mraba unabaki sentimita kumi na nusu. Mfarishi huu ulihitaji miraba 15 kwa 18, yaani 270, na kilo mbili zilitosha na kubaki.

Kasoro sasa. Mama aliniambia vyote ni pamba tupu, na haikuwa hivyo. Nilivuta nyuzi mbili tatu kwenye kila kipande nilichokitilia shaka, nikaziunguza kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Polista inayeyuka na kuganda kama punje nyeusi. Robo kilo na zaidi ilikuwa polista, nyingi kwenye nyeusi. Sidhani alinidanganya, maana fundi mwenyewe hamwambii, lakini elfu sita kwa kilo ni bei ya kupimiwa kwanza kama ni pamba kweli. Niliporudi nikamweleza, akaniongezea vipande vya nyeupe bila ubishi.

La pili ni nyekundu kuchuja. Hili ni la kanga mpya popote pale, ila vipande vya mabaki havijawahi kugusa maji, kwa hiyo unalibeba wewe. Nililoweka nyekundu peke yake kwenye beseni la maji baridi, nikatupia humo kitambaa cheupe cha kujaribia. Maji ya kwanza yalitoka kama juisi ya rosela. Ya pili waridi. Kufikia ya nne kile cheupe kikabaki cheupe. Kuna kipande kimoja, chekundu cha kung'aa, ambacho hata maji ya saba hayakukiweza, nikakitoa. Nisingefanya hivi, siku ya kwanza ya kufua kule Njombe binti yangu angeanua mfarishi wa waridi.

Kuhusu rangi zenyewe, hapa ndipo ninapomshukuru yule mama na mkeka wake. Ukisema nyekundu tu, watu hudhani utapata kitu kimoja cha kuchosha. Nilipozitandaza sakafuni nilihesabu nyekundu sita: damu ya mzee, ya pilipili, ya udongo wa barabarani, moja inayoelekea chungwa, na mbili ambazo sina jina lake. Zikikaa pamoja zinapeana uhai, na hilo hulipati kwa kununua kitambaa kimoja kipya kwa mita. Nyeupe pia zilikuwa nyingi, kuanzia nyeupe ya karatasi mpaka rangi ya maziwa.

Kosa nililifanya mimi mwanzoni. Nilipanga nyekundu jirani na nyeusi kwa wingi, mchana zikapendeza sana. Jioni, taa ikiwa hafifu, zikamezana zikawa giza moja. Nikapiga picha kwa simu na kuitoa rangi, nikaona kumbe nyekundu yangu nyingi ni nzito karibu sawa na nyeusi. Nikabomoa mpango wote, nikafanya nyeupe 110, nyekundu 100 na nyeusi 60, na kila nyeusi nikaipa jirani mweupe angalau mmoja. Ulipotulia nilijua kwa macho kabla ya kupiga picha nyingine.

Katika vile vyeupe kulikuwa na sehemu za majina ya kanga, maneno yaliyokatwa katikati. Nyingi hazisomeki: silabi, nusu ya herufi. Lakini kimoja kilikuja na neno zima, SIKATI, herufi nyeusi ndani ya boksi lake. Kila mwanamke wa Pwani atajua limetoka wapi: japo sipati, tamaa sikati. Nikaliweka upande wa kichwani, mraba wa tatu kutoka kushoto, atakapolala binti yangu. Wakati nalishona nilifikiria ile simulizi ya wazee kwamba kanga yenyewe ilianza hivi, wanawake wakiunga leso sita, tatu kwa mbili, kupata nguo moja.

Kwa ndani niliweka blanketi kuukuu la pamba na bitana ni shuka jeusi. Nikapiga bandi kwa mkono kutoka katikati kwenda nje ili lisihame, ndipo nikapitisha cherehani. Pindo nimelizungushia kisutu cha marehemu mama. Katikati kilishachakaa kabisa, lakini mapindo yake yalikuwa mazima, na nyekundu yake iliyofifia imekaa vizuri kuliko zote nilizonunua.

Nendeni baada ya saa kumi jioni, mafundi wakishaanza kufagia vibanda vyao. Asubuhi mtakuta masalia ya jana. Bebeni mfuko wenu na kiberiti, na kama mtaweza, amueni rangi zenu kabla hamjaketi kwenye ule mkeka, maana vitenge vya manjano na zambarau vinashawishi sana na kilo inajaa haraka. Mimi nimeshamwachia oda: bluu ya nili na rangi ya maziwa, kilo moja, ya kitanda cha mtoto. Amesema ananiwekea kidogo kidogo kila jioni mpaka itimie.