Makindu kwa Masingasinga: chakula cha kila mtu na vitanda vichache

Anayesafiri kati ya Nairobi na Mombasa akifika Makindu, kilomita zipatazo 170 kutoka Nairobi, anaweza kula akashiba bila kutoa hata senti moja. Hekalu la Masingasinga lililojengwa mjini humo mwaka 1926 humlisha kila anayeingia, awe wa dini yoyote au kabila lolote, na humpa mahali pa kulala akikuta nafasi. Nimekula hapo mara nyingi, na mapitio haya yanahusu mapokezi, chakula na vyumba, pamoja na mwenendo wetu sisi wageni, kwa maana huduma isiyo na bei huharibiwa au hudumishwa na wale wanaoitumia.

Mapokezi ni ya heshima na hayana maneno mengi. Unavua viatu, unanawa mikono na kufunika kichwa. Asiye na mtandio wala kofia huazimwa kitambaa. Sigara na pombe haviingii katika eneo la hekalu, na chakula hakina nyama, kwa hiyo aliyetamani mbuzi wa kuchoma aendelee na safari yake. Mara ya mwisho tuliandaliwa dengu, viazi vya mchuzi, wali, chapati, achari na chai ya maziwa. Dengu ilikuwa imepikwa polepole hadi punje zikapasuka, na tangawizi yake ilisikika bila kuficha ladha nyingine. Chapati zilikuwa nyembamba, za unga usiokobolewa, tena kavu kuliko zile zetu za mikahawani zinazong'aa kwa mafuta. Mgawaji hakuzirusha sahanini, bali aliziweka moja moja katika viganja viwili vilivyokingwa, na kijana aliyenyoosha mkono mmoja alisubiriwa kwa upole mpaka akakinga na wa pili. Chai ilikuwa tamu kupita kiasi changu, ingawa sidhani kama dereva aliyekesha barabarani angeilalamikia.

Kuliani kwangu aliketi utingo wa lori, vidole vyake bado vikiwa na weusi wa grisi ambao maji na sabuni havikuutoa; kushotoni ilikuwapo familia iliyoshuka kwenye gari la fahari. Sahani zilikuwa za aina moja, na chakula kilikuwa kile kile. Hilo halikutokea kwa bahati. Desturi ya mlo huu, inayoitwa langar, ilianzia Punjab, kaskazini mwa Bara Hindi, katika zama za Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Masingasinga aliyezaliwa mwaka 1469, na shabaha yake ilikuwa kuvunja matabaka: watu waketi katika mstari mmoja na kula kutoka katika chungu kimoja. Maseremala, wahunzi na waashi wa Kisingasinga waliokuja kujenga na kuendesha Reli ya Uganda, ile iliyoanzia Mombasa kwenda Ziwa Victoria, walikuja nayo, na ndivyo ilivyotia mizizi Makindu, mji uliokuwa kituo muhimu cha reli hiyo katikati ya nchi kame ya Ukambani.

Jambo ninalolisifu zaidi katika huduma hii ni kwamba hakuna anayeulizwa kama ni mhitaji. Wakazi wa sehemu zenye ukame wanaijua vizuri orodha ya chakula cha msaada. Orodha hutaka mtu wa kuiandika, na aliye karibu na mwandishi hukumbukwa mapema. Humtaka pia mama wa watoto asimame mbele ya majirani na kukiri kwamba kwake hakijainjikwa chungu. Sisemi kwamba orodha ni uovu mtupu. Mpango wa serikali wa Inua Jamii, unaowapa wazee, walezi wa yatima na watu wenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi, hauwezi kuendeshwa bila orodha, kwa sababu fedha huchukuliwa na kuwekwa, na hakuna ajuaye kiasi kitakachomfanya mtu aseme zimetosha. Chakula kilichopikwa na kuliwa papo hapo kina mpaka wake, nao ni tumbo. Kwa hiyo naona wenye hekalu wamefanya hesabu ya busara: kumlisha asiyehitaji kunawagharimu sahani moja, ilhali kumhoji mwenye njaa kunaweza kumtia aibu itakayomfanya apite bila kula.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wasafiri wanaodai kwamba wenye magari wasile hapo. Kuwapo kwao kunamsitiri yule utingo, kwani kama ukumbi ungetengwa kwa ajili ya maskini peke yao, kila anayevuka kizingiti angekuwa amejitangaza. Lakini kula si sawa na kubeba. Desturi ya mahali hapo ni kuchukua kile utakachokimaliza, na bado nilimwona mgeni mmoja, aliyevaa saa ya bei kubwa kuliko yangu, akikunja chapati katika karatasi za shashi na kuzitia mkobani kwa ajili ya njiani. Alikuwa ameuondoa mpaka niliotaja, maana mkoba haushibi. Hakuna aliyemkaripia, na sidhani kama ilikuwa kazi ya wagawaji kufanya hivyo. Ingekuwa kazi yetu tulioketi naye, nasi tulitazama sahani zetu.

Kwenye vyumba ndipo ugumu wenyewe ulipo. Dengu huongezwa maji na wali hupikwa tena, lakini kitanda kikishalaliwa kimelaliwa. Vyumba ni safi na vya kawaida, vinamfaa mtu anayetaka kupumzika, na kwa sababu havidaiwi malipo ya lazima vinamvutia anayekwenda kustarehe Mombasa kwa likizo sawasawa na anayempeleka mgonjwa hospitalini akiwa amebakiwa na nauli tu. Kanuni ya kutouliza, iliyo nzuri sana mezani, hapa humpa nafasi aliyefika mapema, na mara nyingi anayefika mapema ndiye mwenye gari lake. Sitaki wenye hekalu waanze kuwahoji watu mlangoni usiku, kwa kuwa wangepoteza kile kinachowatofautisha na ofisi. Nataka mwenye uwezo ajihoji mwenyewe kabla hajaomba ufunguo: Makindu, Kibwezi na Mtito Andei zina nyumba za wageni, na kila chumba anachokilipia huko ni kitanda anachokiacha wazi hapa.

Kuhusu sadaka, lipo sanduku na hakuna anayesimama karibu kutazama umeweka nini. Wapo wanaotoa unga, sukari au mafuta, na wapo wanaojitolea kumenya viazi na kuosha vyombo, kazi ambayo katika imani hiyo ni ibada. Mimi hutoa bei ya mlo niliyokuwa nitailipa mkahawani, kisha huongeza ya mtu mmoja zaidi; aliyekula kwa sababu hana kitu asione haya kupita bila kutoa, kwani mpango mzima uliwekwa kwa ajili yake.

Ni vyema pia kutoipa huduma hii sifa isiyo yake. Inamfikia aliye barabarani. Kaya iliyo ndani ya Makueni, kaunti ulimo mji huu, yenye shamba lililokauka na isiyo na nauli ya matatu hadi mjini, hailishwi na ukumbi huu, hata uwe na ukarimu wa namna gani, na anayeutaja kama dawa ya njaa ya Ukambani anawabebesha watu wa hekalu jukumu la serikali ya kaunti na ya kitaifa.

Kwa mlo wa mchana nawashauri wenye mabasi ya kukodi, hasa ya shule na makanisa, watoe taarifa mapema badala ya kuwashusha watu wengi kwa ghafla, wabebe vitambaa vyao vya kichwa, na wachague watu wachache katika msafara wao watakaobaki nyuma kusaidia jikoni kuosha sahani.