Museo Santuarios Andinos, Arequipa: nenda, ila chukua sweta

Kama unapita Arequipa, kusini mwa Peru, kabla ya kwenda bonde la Colca, tenga asubuhi moja kwa makumbusho haya. Yapo mtaa wa La Merced, karibu kabisa na uwanja mkuu wa mji, ndani ya nyumba ya zamani ya mawe meupe ya volkano. Wenyewe ni Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Santa María. Ni madogo, na yanashughulika na jambo moja tu: sadaka, wakiwemo watoto, ambazo Wainka, watawala wa kale wa milima ya Andes, walizipandisha kwenye vilele vya milima kabla Wahispania hawajafika.

Huzunguki peke yako, na picha ni marufuku. Mimi utaratibu huo uliniridhisha, maana kila mtu alikuwa anatazama kwa macho yake badala ya kuinua simu. Unaanza na filamu fupi, kisha unakabidhiwa kiongozi. Wetu alikuwa binti anayejua kazi yake, na hakuna swali lililomchosha. Weka soli kadhaa (fedha ya Peru) mfukoni za bahashishi.

Filamu usiikose, kwa sababu bila hiyo hutaelewa unachokwenda kukiona. Volkano ya Sabancaya ilikuwa ikitema majivu, yakaangukia theluji ya jirani yake Ampato, mlima wa mita 6,288. Majivu meusi yakanasa joto la jua, theluji iliyodumu karne nyingi ikayeyuka, na kaburi likaporomoka. Septemba 1995 Johan Reinhard, mwanaanthropolojia wa Marekani, na mpanda milima wa Peru Miguel Zárate wakaona manyoya mekundu yamechomoza karibu na kilele. Chini zaidi mlimani wakakuta furushi, na ndani ya furushi msichana, ambaye baadaye aliitwa Juanita. Reinhard alimteremsha mgongoni, akapakiwa juu ya punda hadi Cabanaconde, kisha akaingizwa Arequipa kwa basi, wakihofia asije akayeyuka njiani.

Vyumba vya katikati ndivyo vilivyonishika zaidi, ingawa wenzangu walivipita haraka wakimfuata Juanita. Kuna visanamu vya wanawake, vingine vya dhahabu, vingine vya fedha, vingine vya kombe jekundu la spondilasi lililotoka bahari ya joto ya upande wa Ekuado. Kila kimoja kimevalishwa shali na pini yake, na taji la manyoya kichwani. Sogea karibu na kioo utazame pindo: zile nguo hazikukatwa kutoka kitambaa kikubwa. Zilifumwa kwa kipimo hichohicho, kingo zote nne zimekamilika. Fikiria fundi anayemfumia nguo mwanamke mwenye urefu wa kiganja, akijua itazikwa mlimani. Ningelipa kiingilio kwa hicho tu.

Juanita yuko mwisho, katika chumba chenye giza na baridi, ndani ya sanduku la kioo lililogandishwa. Ameketi, magoti yamekunjwa kifuani. Alikuwa na miaka kati ya 12 na 15, na alikufa katika karne ya 15 kwa pigo la kichwani, jambo lililothibitishwa kwa vipimo vya skana Marekani mwaka 1996. Kucha zake bado zipo. Nywele zipo.

Sikukaa sana pale. Sisi maiti tunamfunika na kumwahisha kaburini, kwa hiyo kumkodolea macho mtoto wa watu kupitia kioo kulinipa shida. Kiongozi alilieleza kama heshima: aliyechaguliwa alihesabika kuwa anakwenda kwa miungu. Inawezekana wazazi wake waliona hivyo. Mimi bado naona ni mtoto aliyepigwa kichwani, na sijaamua kama tulipaswa kuwa pale.

Angalizo kwa wanaopanga safari: kwa kawaida kuanzia Januari hadi Aprili Juanita hupumzishwa, na mahali pake huwekwa mwili mwingine, mara nyingi Sarita wa mlima Sara Sara. Uliza kabla hujakata tiketi kama ni yeye hasa unayemfuata. Watoto wadogo ningewaacha nje na mtu, maana hadithi ya kifo chake inasimuliwa bila kuficha. Na lile sweta usilisahau hotelini hata kama nje jua linawaka.