EPROM ya zamani au Arduino kwa Morse ya ripita?
Hapa Kigoma nina bodi mbili mezani, moja EPROM 2716 (chipu ya kumbukumbu), nyingine Arduino Uno (kompyuta ndogo ya kuprogramu), zote zinapiga kwa Morse kolisaini, yaani jina la kituo, ya ripita, ule mtambo wa redio unaopokea na kurusha tena mawasiliano. Ile ya zamani nukta inakula biti 1, kistari 3, kimya ndani ya herufi 1, kimya kati ya herufi nacho 3, sasa 5H, mwanzo wa kolisaini zetu za Tanzania, peke yake, nukta tisa tupu jamani, imeshamaliza biti 19, na ukikosea vibaya unachomoa chipu unaipiga mwanga wa UV dakika 20 hivi ndo uanze upya. Arduino unaandika herufi, unachomeka USB, kwisha. Umeme ukikatika zote hazisahau. Ila kujifunzia saketi, hiyo kuukuu tamu, ya kupandisha mlimani mi nabeba Arduino.