Viatu vya kutembelea kwenye theluji: kipi ununue kama safari yako ni ya kulala msituni

Anayeishi Portland au Lewiston hapa jimboni Maine, Marekani, au ng'ambo ya mpaka kule Quebec, Kanada, anajua: kuanzia Desemba hadi Machi, ama ukae ndani ukilalamikia bili ya kupasha nyumba joto, ama utafute sababu ya kutoka. Kutembea juu ya theluji kwa viatu vyake maalumu, yaani sahani pana zinazofungwa chini ya buti ili usizame, ni sababu nafuu. Hakuna tiketi ya kupandishwa mlimani, hakuna mwalimu wa kulipa, na kama unajua kutembea umeshajua sehemu kubwa.

Mwongozo huu hata hivyo si wa kila mtu. Ni wa yule anayetaka kuingia msituni na mzigo, ajenge kibanda cha theluji, awashe moto, alale, kesho arudi. Kwa mtu huyo orodha yangu haitafanana na ya muuza duka, kwa sababu napima kwanza kile kinachoshika buti. Mkanda ukikatika kilomita 6 kutoka barabarani, na theluji imefika kiunoni, habari ya rangi na wepesi wa kiatu imekwisha.

Saizi kwanza

Saizi inatokana na uzito wako pamoja na kila ulichobeba. Watu husahau hiyo nusu ya pili. Mtu wa kilo 78, akiwa na nguo nzito, buti na begi la kilo 18 lenye mfuko wa kulalia, sufuria na chakula, ameshagonga kilo 100. Kwa kawaida kiatu cha urefu wa inchi 22 huishia kwenye kilo 80 hivi, cha inchi 25 hufika karibu kilo 100, na cha inchi 30 ni cha wanaozidi hapo. Theluji laini iliyoanguka usiku hudai kiatu kikubwa kuliko ile iliyokwisha kushindiliwa na wapita njia. Lakini usirukie kikubwa kuliko vyote. Kila inchi utainyanyua kwa mguu maelfu ya mara kwa siku, na kwenye vichaka itakuangusha.

Kwenda bila viatu hivi si ujanja. Katika pori la High Peaks, kwenye milima ya Adirondack jimboni New York, kanuni zinakutaka uvae hivi au ski theluji ikifika inchi 8. Mashimo ya miguu ya mtu aliyezama huganda usiku, na anayepita kesho yake anaweza kuvunjia kifundo cha mguu humo.

1. MSR Evo

Ningekuwa namnunulia mdogo wangu, ningemchukulia hiki. Ni sahani ya plastiki ngumu yenye reli mbili za chuma zenye meno chini yake, na mikanda laini ya kufungia. Urefu wake ni inchi 22, ila kuna mikia ya inchi 6 inayouzwa kando. Bila mikia kinabeba hadi kilo 82 hivi. Ukiipachika kinapanda hadi karibu 113. Kwa hiyo kiatu kimoja kinakutosha Jumamosi ya matembezi mepesi, na kinakutosha pia siku ya kubeba nyumba nzima mgongoni.

Nimekipa nafasi ya kwanza kwa sababu ya asubuhi. Umeamka, nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri, viatu vimelala juu ya theluji usiku kucha. Bizimu zenye meno ya kukaza zimejaa barafu. Lazima uvue glavu, ukwangue kwa ncha ya kisu, upulizie pumzi, na baada ya dakika mbili vidole havisikii tena. Mkanda wa Evo una matundu na kijipini. Unauvuta, unasukuma pini kwenye tundu, basi, na glavu nene iko mkononi. Ukikatika, unafunga kamba badala yake na safari inaendelea.

Kasoro zipo. Juu ya theluji iliyoganda ngozi kinapiga kelele kama mtu anayeburuta beseni kwenye saruji, kwa hiyo sahau kumnyatia sungura. Evo ya kawaida haina kile chuma cha kuinulia kisigino kwenye mpando mkali. Kwa hicho itakubidi uchukue toleo la Evo Ascent.

2. MSR Lightning Ascent

Hapa fremu yenyewe ni bamba la alumini lililosimama wima, lenye meno kuzunguka pande zote. Ukikata mteremko kwa ubavu kwenye milima ya White Mountains huko New Hampshire, utaelewa fedha ilikokwenda: kiatu hakiserereki. Kina kiinua kisigino, ni chepesi, na kinapatikana kwa inchi 22, 25 na 30. Bei inaweza kuzidi mara mbili ya Evo. Kwa kilele, nunua. Kwa msitu wa tambarare unalipia meno usiyoyatumia.

3. Vya mbao na kamba za ngozi mbichi

Watu watashangaa kuviona juu hivi. Hivi ndivyo asili ya jambo lenyewe, kazi ya mataifa ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, na hadi leo Wendake, mji wa Wahuron-Wendat kando ya jiji la Quebec, unajulikana kwa ufundi huu. Mji wa Norway hapa Maine nao ulikuwa na jina: fundi wake Mellie Dunham ndiye aliyetengeneza viatu vilivyokwenda na msafara wa 1909 wa mpelelezi Mmarekani Robert Peary kuelekea ncha ya kaskazini.

Fremu ni mti wa ash uliopindwa kwa mvuke. Umbo la duara bila mkia, liitwalo Bearpaw, linapenya vichakani. Lile la Ojibwe, lililochongoka mbele na nyuma, linakata theluji ya kina huku ukivuta sleji. Havina kelele, vinaelea vizuri, na kamba ikikatika unaifuma upya kwa kisu na uzi. Lakini havina meno, kwa hiyo kwenye barafu na miteremko viogope. Ngozi ikilowa hulegea, panya huipenda, na kila vuli inataka kupakwa vanishi. Angalia pia usiuziwe pambo la ukutani.

4. Bomba la alumini lenye kitambaa

Tubbs Wilderness na ndugu zake wa Atlas ndivyo utakavyovikuta dukani kwa wingi. Kwenye njia zilizokwisha kukanyagwa vinastarehesha kuliko vyote hapo juu, na saizi zake ndefu zinabeba mtu mzito. Nimevishusha kwa ajili ya visiki tu, maana kitambaa kikichanika hukishoni kirahisi ukiwa njiani. Matoleo yanayokazwa kwa kuzungusha kitufe na waya mwembamba ni raha tupu kwenye maegesho ya magari. Waya ukikatika msituni, utauunga na nini?

5. Crescent Moon Eva

Sponji ngumu, unavaa na kwenda. Kwa watoto na bustani ya jirani, sawa kabisa.

Seti za chini ya dola 100 zinazokuja na fimbo na mfuko sizipangi hata namba. Kwa nyuma ya nyumba zinafaa, ila usilale nazo mbali.

Vya kuongezea

Fimbo ziwe na visahani vipana, la sivyo zitazama hadi mkononi. Chukua koleo dogo, ingawa kiatu chenyewe kinasaidia: kanyaga eneo la kibanda ukiwa umevivaa, rundika theluji hadi urefu wa mtu, iache saa mbili ishikane, kisha chomeka vijiti vya sentimita 30 pande zote kabla ya kuchimba. Ukichimba ukakutana na ncha ya kijiti, simama, ukuta umefika. Acha tundu la hewa juu, na usiwashe jiko ndani.

Kiberiti cha gesi kikae mfuko wa ndani karibu na mwili. Butani huacha kugeuka mvuke kwenye nusu nyuzi chini ya sifuri, ndiyo maana kiberiti kilichoganda hakiwaki. Beba na kijiti cha chuma cha cheche. Gome la mti wa birch hushika moto hata likiwa na unyevu. Tandika magogo mabichi chini ya moto, na usiuwashe chini ya tawi lililobeba theluji. Unapoyeyusha theluji, tia maji kidogo kwanza, au sufuria itaungua na maji yatanuka moshi.

Lini ununue

Vikodi kwanza mara moja au mbili. Maduka mengi ya milimani hukodisha kwa siku. Kisha subiri Machi na Aprili, bei zinaposhuka. Ukichukua mtumba, kunja kila mkanda uone kama una nyufa, tikisa ribiti, pitisha kidole kwenye meno kama yameisha, na ujaribu ukiwa na buti lako lenyewe la baridi, glavu mkononi.