Duncan na Robinson: minara miwili ya San Antonio Spurs, timu ya mpira wa kikapu ya Marekani, msimu wa 1998-99

Ukitazama wastani wa kila mechi, Tim Duncan anaongoza kila mahali: pointi 21.7, ribaundi (mipira iliyodakwa baada ya mtupo kukosa kikapu) 11.4 na bloku (mitupo ya wapinzani iliyozuiwa) 2.5, dhidi ya 15.8, 10.0 na 2.4 za David Robinson. Lakini Duncan alicheza kama dakika 39, Robinson chini ya 32. Tukiwapa wote dakika 36, mambo yanageuka: Robinson anapata ribaundi zaidi ya 11, Duncan kama 10 na nusu, bloku ni 2.7 kwa 2.3. Duncan anabaki mbele kwa pointi tu, karibu 20 kwa 18.

Tofauti hiyo inatokana na kazi waliyogawana. Mashambulizi yalipitia kwa Duncan, aliyepokea mpira upande wa kushoto, akamgeukia mlinzi na kuugongesha kwenye ubao ulio nyuma ya kikapu ili uingie. Robinson, mwenye umri wa miaka 33 na mgongo uliowahi kumtesa, alibaki kulinda kikapu, kazi isiyosifiwa inavyostahili. Kwa kufunga, ningempa Duncan mpira bila kusita. Kwa ulinzi wa dakika moja, Robinson. Spurs walitwaa ubingwa 1999, Duncan akawa mchezaji bora wa fainali.