Eti vumbi la Dodoma halimo kwenye waranti

Jina la duka silitaji, ila lipo hapahapa Dodoma mjini. Laptopu yenyewe ni zile ndogo, nyepesi, kilo moja na kidogo. Mambo ya prosesa na memori tafuteni wenyewe, yamejaa kila mahali. Mimi nimekuja kuongelea tundu la chaji na watu walioniuzia.

Kazi yangu ni kufundisha vikundi vya VICOBA, vile vya kuweka akiba na kukopeshana, vijijini. Leo Mpwapwa, wiki nyingine Chemba, nikitoka huko Kondoa au Bahi. Unapanda kosta, ukishuka unadaka bodaboda, begi mgongoni muda wote. Ile ya zamani ilikuwa ya inchi 15, na chaja yake nzito ajabu, jioni bega halinyanyuki. Kwa hiyo naingia dukani nilishajua ninachotaka: iwe nyepesi, betri itunze chaji, na ichajiwe kwa Taipu C ili nibebe chaja moja ya laptopu na simu. Hii ina matundu mawili ya Taipu C, yote ubavu wa kushoto, ukiyatazama hutofautishi. Nikamuuliza muuzaji, "Haya yote yanachaji?" Akanijibu bila kufikiri, "Yote dada yangu, chomeka popote." Nikalipa Sh 850,000, nikapewa risiti ya EFD na kikaratasi cha waranti ya mwaka mmoja.

Na niseme ukweli, mwanzoni niliipenda sana. Unaiweka kwenye mkoba pamoja na kanga na chupa ya maji, unasahau kama ipo. Asubuhi natoka imejaa, nafundisha, naandika taarifa, narudi gesti bado ina chaji. Rafiki zangu wawili niliwashawishi wanunue ya aina ileile. Sasa hivi hata kuwapigia simu naona aibu kwa ajili ya lile duka.

Yalinikuta Kondoa, siku ya mgao. Asiyejua mgao aelewe: kikundi kimeweka hisa mwaka mzima, siku hiyo sanduku linafunguliwa, washika funguo watatu wote wapo, kila mtu anapigiwa hesabu ya hisa zake na faida yake. Akina mama wamekuja na watoto mgongoni, wengine wana ada ya kulipa kesho yake. Hesabu zote ziko kwenye laptopu. Betri ikawa inaelekea kwisha, nikachomeka chaja kwenye soketi ya ofisi ya kijiji. Inaingia, inakata. Ukiubana waya kwa kidole inaingia, ukiachia inakata. Nikahamia tundu la pili, lile nililoambiwa nalo linachaji. Kimya. Nikageuza waya, nikabadilisha soketi, kimya kabisa.

Katibu wa kikundi akaja akapiga magoti pembeni ya meza, akaushika ule waya kwa vidole viwili, ameuinua kidogo kwa juu. "Mwalimu, andika, mimi nimeshika." Nikaandika. Mkono ukimchoka, taa inazimika, anaurudisha. Tulifika kama nusu ya majina, kioo kikazima. Mgao tukaumalizia kwa daftari na kikokotoo cha simu, jua limeshazama, na kuna mama alikuwa bado hajapata boda ya kumrudisha kwao. Hilo ndilo linaloniuma. Mimi nitalala gesti. Yeye je?

Niliporudi mjini nikaenda moja kwa moja dukani, na boksi lake, risiti yake na kile kikaratasi. Aliyeniuzia hakuwepo, kuna kijana mwingine kaunta, macho kwenye simu. Nikaeleza yote. Akaichukua, akamulika tundu kwa tochi ya simu, akapuliza puu, akasema, "Hii imeingia vumbi. Vumbi halimo kwenye waranti."

Nikamwambia, "Kaka, hapa ni Dodoma."

"Ndiyo hivyo mama. Ungeifunika."

Nikamuuliza habari ya tundu la pili, mbona niliambiwa yote yanachaji. "Nani alikwambia? Mimi sikuwepo." Halafu akaisukuma ile laptopu kwa kidole, ikateleza juu ya kioo cha kaunta mpaka ikanigusa tumbo, waya unaning'inia. "Tupishe basi, tuhudumie wengine."

Tupishe. Nimelipa 850,000 za jasho langu naambiwa tupishe.

Hivi nyie mnaouza kompyuta Dodoma mnauza mkidhani tunaishi wapi? Mvua hapa ni msimu mmoja, ikikatika mwezi wa nne au wa tano, miezi inayobaki ni upepo na vumbi. Kondoa ardhi ililiwa na mmomonyoko mpaka serikali ikaanzisha mradi wa HADO mwaka 1973 kuiokoa. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia huku mwaka 2016, ofisi na ofisi zimekuja na kompyuta zake, na vumbi limezipokea zote. Kama vumbi linafuta waranti, basi Dodoma nzima hakuna waranti, na hilo mliandike kwa herufi kubwa juu ya kaunta kabla hamjapokea hela ya mtu.

Na halikuwa vumbi. Nilikwenda kwa fundi mmoja, mzee, ana kibanda karibu na Soko la Majengo. Akaifungua mbele yangu, akaniita, "Binti yangu, sogea uone mwenyewe." Akanipa lenzi. Lile tundu limelehemiwa moja kwa moja kwenye madabodi, ile bodi kuu ya mashine, na miguu yake miwili ilikuwa imeachia, unaona kabisa ufa mwembamba umezunguka risasi ya kulehemia. Vumbi lilikuwepo kidogo pembeni, akalifuta kwa brashi mara moja likaisha. Akaniambia zipo laptopu ambazo tundu la chaji limekaa kwenye bodi yake ndogo, likiharibika unabadilisha ile bodi ndogo tu, madabodi haiguswi. Hii wameibana iwe nyembamba, kila anayegonga waya anaigonga madabodi yenyewe. La pili akanionyesha kwa nje: pembeni ya tundu la kwanza kuna kialama kidogo cha plagi, la pili halina. Hilo ni la flashi na vitu vingine, umeme halipokei. Halijawahi kupokea tangu kiwandani. Yule muuzaji aliniangalia usoni akanidanganya.

Mzee akalilehemu upya, Sh 40,000, akanishauri nitumie waya wenye kichwa kilichopinda ili usining'inie na kulikwanyua tundu. Akasisitiza pia chaja iwe ya wati 45 au 65, zile ndogo za simu zinaisumbua tu. Mambo yote haya nilipaswa kuyasikia dukani.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema msinunue hizi laptopu ndogo kabisa. Lakini nikisema hivyo nitakuwa namuonea asiye na kosa, maana tangu itengenezwe nimeshakwenda nayo Kongwa na Manyoni, na sijutii kuachana na lile zigo la zamani. Kwa mtu wa safari, nyepesi ni nyepesi, bega lako litakushukuru. Ila hapohapo nakumbuka katibu alivyopiga magoti ameshika waya, na naona kiwanda kinachoweka tundu moja la uhai wa mashine nzima kwenye madabodi nacho kina lake la kujibu. Basi kama unanunua, nunua, lakini waambie wawashe, wachomeke chaja tundu moja baada ya jingine mbele yako uone taa ya chaji kwa macho yako. Waulize tundu liko kwenye bodi yake au kwenye madabodi. Na vumbi, wakuandikie kwenye kile kikaratasi kama limo au halimo, wapige na muhuri.

Wakikataa, toka.

Kwa lile duka: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpa mnunuzi maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Risiti ya EFD ninayo, kikaratasi cha waranti ninacho, na barua kwa Tume ya Ushindani nimeshaiandika. Nataka 40,000 yangu ya fundi, na nataka yule kijana aniombe radhi palepale kaunta aliponisukumia laptopu.