Chelewa za kupigia dramu: miezi minane na Hot Rods kwenye bendi ya bluzi

Wapiga dramu wenzangu wamekuwa wakiniuliza sana zile stiki zangu zinazofanana na kifagio ni kitu gani na zinasaidia nini, basi leo nimekaa niandike yote kwa pamoja.

Kwanza mjue napigia wapi maana hapo ndipo jibu lote lilipo. Sisi ni bendi ya watu wanne hapa Dar, gitaa, besi, harmonika na mimi kwenye dramu, hatuna kampuni nyuma yetu, vyombo tunapakia wenyewe kwenye kirikuu, na kila Alhamisi tunapiga bluzi kwenye baa moja ndogo huku Msasani yenye meza kama kumi, dari ya chini na sakafu ya vigae. Aliyewahi kugonga sneya, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, kwenye chumba cha vigae ananielewa. Kila ukifika kwenye mbili na nne, yaani pigo la pili na la nne ambapo sneya inakaziwa, ni kama mtu anabamiza mlango wa bati. Mwezi wa kwanza mwenye baa alinifuata mara tatu usiku mmoja, kaka naomba punguza, kaka wateja hawasikilizani, na kibaya zaidi jamaa yetu wa harmonika alikuwa hajisikii, anapuliza kwa nguvu mpaka noti zinapinda, akimaliza wimbo midomo imemvimba.

Nikajaribu kila mbinu. Taulo juu ya sneya, mto ndani ya kiki (ile ngoma kubwa ya mguu), selotepu kwenye ngozi, mwisho nikawa napiga taratibu tu. Hiyo ya kupiga taratibu ndiyo mbaya kuliko zote jamani, bluzi ukiipiga kwa woga inakufa, shafo, ule mwendo wake wa kuyumba, inataka mkono uwe huru na bega lilegee, sasa wewe umeshika stiki ya mti kama umebeba yai, groovu itatoka wapi? Brashi za waya nazo nilikuwa nazo, kwenye bluzi ya polepole ni tamu sana sitaki kuzikosea heshima, ila wimbo ukichangamka ile mbili na nne inapotea kabisa, mpiga besi anageuka kuniangalia kama nimeondoka.

Ndipo binamu yangu anayeishi Houston akaja likizo na pea ya Hot Rods za Pro-Mark. Kumbe kampuni yenyewe ilianzia hukohuko Houston, mwanzilishi wake Herb Brochstein alikuwa mpiga dramu na mwalimu wa dramu. Mpaka zinanifikia mkononi zilinigharimu kama elfu 80 za Kitanzania, si hela ndogo kwa stiki, najua.

Ukizishika unaona ni vijiti vyembamba 19 vya mti wa birch vimefungwa pamoja, mpini umevishwa plastiki nyeusi, urefu kama inchi 16 hivi yaani sawa tu na stiki ya kawaida. Mtu wa pwani ukimwonyesha atakwambia hili ni fagio la chelewa limekatwa, na kweli bendini kwetu tunaziita chelewa mpaka leo. Kazi yake iko kati ya stiki na brashi. Ukigonga, vile vijiti havifiki vyote kwa wakati mmoja na kila kimoja ni chepesi, kwa hiyo ule mlio mkali wa mwanzo unavunjika, unabaki mwili wa ngoma. Sneya inasema "chaf" badala ya "paa". Na mkono unarusha vilevile kama kawaida, hicho ndicho kilichonifurahisha, sikulazimika kujibana tena, napiga kwa nguvu zangu zote za kawaida na sauti inatoka ya chumba kidogo.

Sasa nije kwenye shafo maana hapa ndipo zimenishika moyo.

Kwa asiyejua, shafo ni ile mwendo wa bluzi wa kugawa kila pigo mara tatu halafu unagonga la kwanza na la tatu, la katikati unaliacha linapumua. Taa-ka taa-ka taa-ka. Siri yote iko kwenye lile la katikati usilolipiga. Ukiliminya wimbo unakuwa gwaride, ukilivuta sana unakuwa mlevi. Na mkono wa kushoto kwenye sneya haugongi mbili na nne peke yake, katikati unajaza vipigo vidogo vidogo ambavyo msikilizaji havitambui ila ukivitoa ataona kitu kimepungua. Kwa stiki ya mti kwenye chumba kama chetu vile vipigo vidogo ama vinapiga kelele ama unaviua kabisa ili mwenye baa asije. Kwa chelewa vinakaa mahali pake, vinakuwa kama mtu anakwangua nazi chumba cha pili, halafu mbili na nne zinapanda juu yake bila kuumiza sikio la mtu.

Mimi nilianza kupiga kanisani, kwaya ya vijana, nina miaka 13, na makofi ya kwaya ndiyo yaliyonifundisha kutulia kwenye mapigo. Kwa hiyo niliposoma habari za Sam Lay, mpiga dramu wa bluzi, nilisimama kabisa. Huyu bwana alizaliwa Birmingham, Alabama mwaka 1935, akapiga na waimbaji wa bluzi Howlin' Wolf na baadaye Paul Butterfield, akafariki 2022, na ile shafo yake maarufu ya mikono miwili, yaani kulia na kushoto zote zinashafo kwa pamoja huku kushoto inakazia mbili na nne, ilitokana na makofi ya kanisa alilokulia. Makofi! Nikarudi nikajaribu kwa chelewa, mkono wa kulia kwenye haihati (zile simbali mbili zinazofungwa kwa mguu) wa kushoto kwenye sneya, na sauti iliyotoka ilikuwa karibu sana na watu wanaopiga makofi kwenye sakafu ya mbao. Kwa stiki za mti sijawahi kuipata. Yaani hicho kitu kimoja tu kilitosha kunirudishia elfu 80 yangu.

Bluzi ya polepole, ile ya kuhesabu 12 kwa 8, yaani mapigo manne kila moja vipande vitatu, nayo inakaa vizuri, na sisi tuliokulia kwenye chakacha za harusini ule mgawanyo wa tatu tatu si mgeni masikioni, mwili unaujua kabla ya kichwa.

Haya, mapungufu, maana sitaki mtu anunue halafu anitukane.

Simbali ya raidi, ile kubwa ya kuongoza mwendo, inapoteza ile "ting". Inabaki "shaa", maji matupu. Fred Below, yule mpiga dramu aliyepiga na magwiji wa bluzi Little Walter na Muddy Waters kule Chicago, alitokea kwenye jazi na raidi yake inasikika imechongoka kila pigo, sasa ukitaka kitu cha namna hiyo chelewa hazikupi, chukua stiki. Mimi nimejizoesha kuhamia kwenye haihati iliyofungwa, au nagonga kengele ya simbali, ile nundu ya katikati, kwa upande wa mpini. Kugonga rimu, yaani ukingo wa ngoma, kwa kulaza stiki pia geuza, tumia mpini, upande wa vijiti hautoi kitu. Na ukipata shoo ya nje, uwanjani, spika kubwa, watu mia tano, acha chelewa nyumbani kabisa. Nilizipeleka kwenye sherehe moja ya ufukweni, upepo na gita viliimeza sneya yote, wimbo wa pili nikabadilisha.

Kudumu: zinakwisha. Ni vijiti vyembamba vya mti, haviwezi kuishi kama stiki, na ukigonga ngozi na rimu kwa pamoja unazimaliza haraka mno. Zangu mimi napiga mara moja kwa wiki pamoja na mazoezi ya Jumapili, mwezi wa tano kijiti cha pembeni kikaanza kuchanika, nikazungusha selotepu nyembamba, sasa ni mwezi wa nane vimepasuka vitatu na bado zinafanya kazi. Naona ni haki.

Ila msinunue zile za bei chee zisizo na jina. Nilipata pea Kariakoo kwa elfu 25, duka sitalitaja, kwa macho zilifanana kabisa na hizi. Wimbo wa nne gundi ya mpini ikaachia, vijiti vikaanza kuchomoka kimoja kimoja vikiruka kwenye meza za watu, kimoja kikaanguka kwenye sahani ya dada mmoja. Nilimwomba radhi mapumziko yalipofika. Ukienda kununua, shika mpini kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine halafu zungusha kama unakamua nguo, ukisikia vinateleza ndani rudisha.

Na kama elfu 80 haipo, tengeneza. Nimefanya na inakubali. Nunua pakiti ya vijiti vya mishikaki vya mwanzi, virefu, elfu 2 au 3 tu. Chukua stiki iliyovunjika, kata mpini wake sentimita 15 hivi, panga vijiti kuuzunguka mpaka ujae mkononi, funga kwa selotepu nyeusi ya fundi umeme kwa kubana sana, halafu katikati ya sehemu iliyo wazi zungusha kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Ule mpira ukiusogeza kuelekea nchani vinabana, sauti inakuwa ngumu, ukiurudisha nyuma vinaachana, sauti inalainika. LAKINI kata zile ncha kali zote kwanza na uzipige msasa, usisahau hata moja, mimi nilisahau moja tu ikatoboa ngozi ya sneya mpya, na ngozi mnajua bei zake. Sauti ya mwanzi ni kavu kidogo kuliko ya birch, kwa shafo ya haraka mimi naipenda hivyohivyo.

Alhamisi iliyopita mwenye baa alikuja tena kwenye dramu katikati ya seti ya pili, nikajua yaleyale, kumbe ameniletea maji. Jamaa wa harmonika siku hizi anapuliza kwa sauti ya kunong'ona na anasikika mpaka mlangoni. Pea ya pili binamu ataniletea Desemba, na mwenye ndugu anayetoka Marekani kabla ya hapo aniambie, hela ninayo mkononi.